Panda, Kaza, Shuka, Legeza

Mimi si mwoga. Nauza mbegu na dawa za mifugo hapa Kitale, mwaka wa ishirini na nane sasa. Nimefukuza wezi wawili kwa mti wa ufagio, na nimemwambia mheshimiwa mmoja mbele ya walinzi wake akae kwenye laini kama wengine. Lakini nikiingia nyumba ya mtu nikute kabati la vioo, lile la sebuleni lenye vikombe vya wageni na vitambaa vya kufuma, natafuta kiti kilicho mbali nalo. Watoto wangu huniuliza mama ana nini na makabati. Nawaambia wanywe chai yao wanyamaze.

Wiki tatu zilizopita Zainabu alinipigia simu kutoka Bungoma. Tumekuwa marafiki tangu kidato cha pili, na kwa kawaida akinipigia huanza na matusi ndipo aulize habari. Siku hiyo aliuliza, "Nanjala, umekaa chini?" Nikajua. "Shangazi yako amepumzika. Asubuhi hii, baada ya chai." Nilikuwa nimeshika kopo la dawa ya kupe, na mteja ananingoja. Nilimhudumia, nikafunga duka, nikakaa juu ya gunia la mbolea. Niseme ukweli, kitu cha kwanza kilichonikamata hakikuwa huzuni. Ilikuwa hofu, ileile ya msichana wa miaka kumi na tano. Nilijiuliza nani atafungua kabati.

Mwaka ninaousema ni ule niliokaa kwake Mabanga, nje kidogo ya mji wa Bungoma. Sababu za kupelekwa huko ni ndefu na hazina utamu, tuziache. Nilifika Januari na sanduku la bati. Shangazi Nekesa alikuwa anashona sare za shule na kuziuza sokoni, siku nyingine Myanga, siku nyingine Sirisia. Nyumba yake ilikuwa safi mpaka mtu anaogopa kupumua. Viti vya mbao vilivaa vitambaa vyeupe migongoni, redio ilivaa kitambaa, hata mtungi wa maji ulivaa chake. Kulikuwa na chumba kimoja kilichofungwa kwa kufuli, cha Simiyu, mwanawe wa pekee. Simiyu alikuwa amekufa kwa ajali ya barabarani mwezi uliotangulia, akiwa safarini kurudi chuoni. Mimi nilimjua kidogo tu, kijana mrefu aliyecheka kwa pua.

Siku ile ya kwanza, kabla sijapewa hata maji, Shangazi alinipeleka mbele ya kabati la vioo. Rafu ya katikati ilikuwa na kitu kimoja tu, kimefunikwa na kitambaa cheupe pande zote. Aliinua ncha ya mbele kwa vidole viwili. Nikaona rangi nyekundu, vijiraba tisa vimepangwa vizuri, vyote vyekundu. Ulikuwa mchemraba, ule mchezo wa kuzungusha rangi, ambao nilikuwa nimeuona mara moja dukani Kitale. "Jumapili aliyoondoka," Shangazi alisema, "aliniita kutoka jikoni nije nione. Akaniambia, Mama, imekubali. Akaiweka hapa kwa mkono wake." Akaishusha ncha ya kitambaa. "Vitu vya Simiyu haviguswi mpaka mwaka uishe. Siku ya kumbukumbu baba yako mkubwa atakuja kuvigawa, na vitakuwa vile alivyoviacha. Msichana wa kazi aliyekuwa hapa alivaa ndara za Simiyu, hizi patipati, kwenda chooni tu. Saa hii yuko kwao." Hakupaza sauti. Kisha akanipakulia ugali na mrenda, akaniongezea bila kuulizwa, na akaniita mama kama vile shangazi huita binti wa kaka yake.

Kwa hiyo sheria niliijua. Sikuivunja kwa kutojua, na hilo ndilo lililonitesa. Mwezi wa tatu niliugua malaria nikabaki nyumbani peke yangu, Shangazi akiwa sokoni Myanga. Homa ilikuwa imeshuka, mwili mwepesi, nyumba kimya. Nilikwenda kusimama mbele ya kabati. Nilifungua kioo kidogo tu, maana kilikuwa kikikwama nusu, nikapitisha mkono, nikainua ncha ileile. Nilitaka kusikia inavyolia ikizunguka. Nikazungusha mara moja, ikalia krr, ule mstari wa juu wa nyekundu ukaondoka, kijani ikaja. Nikazungusha tena, sijui kwa kuirudisha ama kwa utamu. Hapo mama wa maziwa akabisha hodi mlangoni. Nilishtuka, nikauvuta mkono na mchemraba ndani yake, na kitambaa kikabaki rafuni. Nikaugeuza. Pande zote rangi zilikuwa zimechanganyikana, njano na bluu na nyeupe, hakuna upande uliokuwa mzima. Nikaamini kwamba mizunguko yangu miwili ndiyo iliyofanya yale yote. Nilipokea maziwa nikiwa nimeuficha mchemraba kwapani, na mama wa maziwa akaniambia ninatetemeka, nirudi kulala.

Kuurudisha kabatini ulivyokuwa ndiyo akili ambayo mtu mzima angekuwa nayo. Mimi sikuweza. Niliona nikiuacha pale sitaupata tena wa kutengeneza. Nilichukua sabuni ya mche, nikakata kipande, nikakichonga kwa kisu cha jikoni mpaka kikalingana na mchemraba, nikakifunika kwa kitambaa. Ukisimama mbele ya kabati hukuona tofauti. Mchemraba ukaingia kwenye mkoba wa shule, chini ya vitabu. Tangu siku hiyo, kwa miezi saba, marehemu alikumbukwa katika nyumba ile kwa kipande cha sabuni, na mimi pekee ndiye niliyejua.

Kila Jumamosi Shangazi alipanguza kabati. Nilimwahi. Nilimwambia, "Shangazi, umechoka na cherehani, acha mimi nifanye." Akanipa kitambaa cha kupanguzia. Wiki iliyofuata nilimsikia akiwasifia wanawake wa kanisa kwamba mtoto wa kaka yake hangoji kutumwa, na kwamba Mungu akichukua huwa anarudisha kidogo. Nilikuwa jikoni nakata sukuma wiki. Sifa zile ziliniuma kuliko fimbo.

Wanawake hao walikuja Alhamisi kuomba naye, na baada ya maombi yalikuja mazungumzo. Jikoni na sebule vilitenganishwa na pazia tu, nikasikia yote. Siku moja mmoja wao alisema, "Kule kwetu kuna mtu alivaa koti ya marehemu kabla ya mwaka. Mkono ukakauka."

"Ati ukakauka?"

"Kabisa. Mpaka leo anakula na kushoto."

"Wachana na hayo bana, kuna mtoto jikoni."

"Si asikie. Ni vizuri ajue."

Niliuangalia mkono wangu wa kulia, ule uliopita kwenye kioo. Nilifungua vidole nikavifunga. Jioni ile nilikula ugali kwa mkono wa kushoto kwa kujaribu tu, nikijiandaa, mpaka Shangazi akaniuliza nimeumia wapi. Nikamwambia nimejikata. Uongo wa kwanza ulikuwa mgumu kuliko wote uliofuata. Leo naweza kucheka nikifikiria mtoto anayejifundisha kula kwa kushoto, ila wakati ule sikucheka. Niliota nimerudishwa Kitale na sanduku langu la bati na mkono umening'inia, shule imekwisha, na kila anayeniona anajua sababu.

Zainabu aliuona mchemraba siku ya hesabu. Nilikuwa natafuta rula kwenye mkoba, ukachungulia. Alikuwa amekaa nyuma yangu, msichana mwembamba mwenye mdomo, wa kutoka zile nyumba karibu na msikiti mjini. Baba yake alikuwa na duka la spea za baiskeli. "Wewe," akaninong'oneza, "kyubu umetoa wapi?" Nilimwambia anyamaze. "Mbona uso umekuwa hivyo? Umeiba?" Nikaanza kulia palepale kwenye somo la hesabu. Mwalimu akadhani ni hesabu, akanihurumia. Baada ya masomo Zainabu alinishika mkono akanipeleka kwao.

Stoo ya nyuma ya duka lao naikumbuka kuliko nyumba nyingi nilizoishi. Tairi mpya zilining'inia darini, harufu ya mpira ikajaa kifuani, na kwenye ukuta kulikuwa na misumari iliyobeba minyororo na pedali. Tulikaa juu ya makatoni. Mama yake alituletea mahamri na chai ya tangawizi, akauliza kama tunasoma ama tunacheza, na Zainabu akajibu, "Tunasoma, mama," bila kupepesa jicho. Nikamweleza yote, kuanzia kabati mpaka sabuni. Kwenye sabuni alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akauchukua mchemraba, akaugeuza pande zote, na kicheko kikaisha.

"Ulizungusha mara ngapi?"

"Mbili."

"Mbili? Usinidanganye bana. Mbili haiwezi kuleta fujo kama hii."

"Haki ya Mungu, mbili."

"Nanjala, hii imezungushwa na mtu siku nzima."

Niliudhika. Niliona ananiita mwongo siku pekee niliyosema ukweli. Ningekuwa na akili tulivu ningelishika neno lile nilichunguze, lakini hofu haichunguzi kitu. Nilimuuliza tu kama anaweza kuutengeneza. Akasema anajua safu mbili za chini. Ya tatu kaka yake Rashidi, aliyekuwa kazini Mombasa, hakuwahi kumfundisha. "Tutamwandikia," akasema.

Somo la kwanza aliloniwekea lilinichukua mwezi mzima. Nilifaulu kukusanya nyekundu tisa upande mmoja, nikampelekea nikiringa, akanizaba kibao cha begani. "Hii ni takataka. Unaangalia rangi ya juu tu. Angalia ukanda wake." Akanionyesha. Ukishapata uso mmoja wenye rangi moja, vile vijiraba vinavyouzunguka ubavuni navyo lazima vilingane, bluu kwa bluu, kijani kwa kijani. Kama havilingani, huna safu, una uso tu, na huwezi kuendelea mbele. "Mtu yeyote anaweza kubahatisha uso," alisema. "Ukanda haubahatishwi." Maneno hayo nimeyatumia kwa mambo mengine mengi tangu hapo, hata kwa wachumba wa binti zangu.

Mizunguko tuliipa majina ya dukani. Upande wa kulia ukiupeleka juu ni panda, ukiurudisha chini ni shuka. Safu ya juu ukiizungusha kama unavyofunga nati ni kaza, kinyume chake ni legeza. Panda, kaza, shuka, legeza. Zainabu alinionyesha kwamba ukirudia hayo manne mara sita, bila kukosea, kila kitu kinarudi mahali pake kilipokuwa. Niliifanya mara nyingi, si kwa faida yoyote, kwa kuona tu kwamba kuna kitu duniani kinachoweza kurudi. Barua za Rashidi zilikuja moja kila wiki tatu hivi, karatasi ya daftari iliyojaa panda na legeza. Nilizikariri nikiosha vyombo. Siku moja Shangazi alisimama nyuma yangu sijamsikia. "Unaomba?" aliuliza.

"Ndiyo, Shangazi."

"Mwombee na Simiyu." Akaniwekea mkono kichwani. Sahani ilinitoka mikononi, na akasema nisijali, haikuvunjika.

Katikati ya mwaka alianza kuuliza sabuni inakwenda wapi. Kile kipande cha kabatini kilikuwa kimekauka na kupungua, nikalazimika kuchonga kingine. "Nyumba hii ina panya wanaokula sabuni," alisema mezani. Nilikubali kwa haraka kupita kiasi kwamba nimewaona. Akanunua sumu. Kwa wiki nzima nilipanguza kabati nikijua kwamba siku yoyote atatafuta kinyesi cha panya kwenye rafu ile na kuinua kitambaa. Hakuinua. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba hakuwa na nguvu ya kuinua. Alipita mbele ya kabati akiangalia pembeni, kama mimi ninavyofanya leo.

Mwezi wa kumi, mchana wa mvua, mabati ya stoo yanapiga kelele hata hatusikizani, nilimaliza. Pembe mbili za mwisho zilikuwa zimebaki kinyume. Nikafuata barua ya Rashidi, nikaogopa katikati maana kila kitu kilivurugika, Zainabu akanipigia kelele sikioni niendelee nisisimame, nikaendelea, na mara pande zote sita zikatulia. Sikushangilia. Niliinamisha kichwa kwenye katoni nikalia, mpaka mama yake akaja kuuliza nani amekufa. "Hakuna, mama," Zainabu akasema. "Ni hesabu." Jumamosi iliyofuata niliurudisha mchemraba kabatini, nyekundu mbele, nikashusha kitambaa. Ile sabuni nilifulia soksi. Kwa mara ya kwanza tangu Machi nililala mchana usingizi wa kweli.

Kumbukumbu ilifanyika Desemba. Hema lilisimamishwa uani, kuku wanane wakachinjwa, wanawake wa Alhamisi wakasonga ugali wa wimbi. Baba Mkubwa Wanyonyi, kaka mkubwa wa Shangazi, alisimama nyuma ya meza yenye picha ya Simiyu na vitu vyake. "Tunaanza na koti," akasema, "harafu viatu, harafu saa." Kila kitu kikapata mtu. Mwisho akasema, "Na hii iliyofunikwa?" Shangazi mwenyewe ndiye aliyeiendea. Nilikuwa nimesimama na birika la maji ya kunawa, na nilikuwa nimetulia, naona aibu kusema, karibu najivunia. Akakivua kitambaa. Akaiona nyekundu, akatikisa kichwa taratibu. Kisha akauchukua mkononi, akaugeuza. Bluu. Akaugeuza tena. Nyeupe, kijani, njano. Aligeuza polepole hadi upande wa sita. Nikaona uso wake umekuwa wa mtu aliyekuta mlango wazi nyumbani kwake. Mwanamke mmoja akasema kwa sauti, "Huyu kijana alikuwa na akili, jamani." Watu wakaitikia. Shangazi akasema, "Hii inabaki na mimi," akaingia ndani.

Aliniita jikoni wageni walipopungua. "Kaa." Nilikaa kwenye kigoda. Mchemraba ulikuwa mapajani mwake. "Nani alimaliza hii?"

Nilijua ningeweza kusema ni yeye, Simiyu. Mdomo ulifunguka. "Ni mimi, Shangazi."

"Lini?"

Nikasema yote. Homa, kioo, mizunguko miwili, sabuni, Zainabu. Nilimwambia nilitaka tu aukute alivyouacha Simiyu. Alinisikiliza bila kunikatiza. Kisha akasema, "Hakuiacha hivi. Aliniita nikaja na mwiko mkononi. Akasema, Mama, imekubali, upande mmoja. Zimebaki tano. Nikirudi nitazimaliza." Akaufuta mchemraba kwa leso yake, ingawa haukuwa na vumbi. "Kila siku nikipita hapo nilikuwa najiambia, zimebaki tano. Mtu mwenye kazi yake hapa hawezi kukosa kurudi. Najua ni ujinga. Nilimzika mimi mwenyewe. Lakini ndivyo nilivyokuwa najiambia." Akanitazama. "Sasa hana cha kurudia."

Hakunifukuza. Angenifukuza ingekuwa nafuu. Aliniuliza kama ninaweza kuurudisha ulivyokuwa. Nikamuuliza ulikuwaje, zile pande nyingine. Akafikiri, midomo ikicheza. "Nyekundu mbele," akasema. "Hizo zingine sikuangalia. Nilikuwa na ugali motoni." Basi nikauvuruga pale kigodani, mikono ile iliyojifunza kwa miezi saba. Nikakusanya nyekundu tisa kama mtu asiyejua, uso bila ukanda, bluu imekaa na njano ubavuni, maana ndivyo Simiyu angekuwa amefanya. Alisema ni sawa. Sote wawili tulijua si ule. Akauweka kabatini, akaufunika. Nilikaa naye miaka miwili zaidi mpaka nikamaliza shule, akanishonea sare kila mwaka, na hatukuutaja tena. Nilipokuwa nikija kumsalimia nikiwa mtu mzima nilikaa kiti cha mlangoni.

Tulimzika Ijumaa. Baada ya watu kula, Metrine, binti aliyekaa naye miaka ya mwisho, aliniita kando na kunipa kitu kilichofungwa katika kile kitambaa. Nilirudi nyuma hatua moja. Nilimwambia mwaka bado, vitu vya marehemu havitolewi. "Alinipa akiwa mzima," Metrine akasema. "Alisema, hii ni ya Nanjala wa Kitale. Hakuna mtu mwingine amegusa, ni shangazi yako tu. Alikuwa anakaa nayo baada ya chai."

Nilikifungua sebuleni, Zainabu amekaa ubavuni mwangu na fimbo yake, maana magoti yamemkataa. Nyekundu ilikuwa mbele, vijiraba tisa. Nikaanza kuugeuza, na Zainabu akanishika kiganja. "Angalia ukanda," akasema. Niliangalia. Bluu ilikuwa kwa bluu. Kijani kwa kijani. Nyeupe, njano, zote zimelingana kuzunguka pande zote nne, safu nzima, haijakosea hata mahali pamoja. Mimi sikuuacha hivyo. Shangazi, ambaye hakuna mtu aliyemfundisha, aliketi hapa na vikombe vyake na miwani yake na kutafuta ukanda ule peke yake, sijui kwa miaka mingapi.

Ningeweza kuumaliza kabla chai haijapoa, na Zainabu alijua hivyo. Nje waliobaki walikuwa wakikunja hema. "Zimebaki ngapi?" akaniuliza.

"Tano," nikasema, nikaufunika.